Pori linalopumzika si pori bure: umeme, mashamba na maji ya Wagenia

Mtu yeyote aliyefika Kisangani anajua Wagenia. Miti mirefu imesimamishwa ndani ya mawe, pale mto unapopiga kelele, na kwenye miti ile vikapu vikubwa vya kamba za pori vinaning'inia, midomo wazi mbele ya maji. Samaki anasukumwa na nguvu ya maji, anaingia, hawezi tena kutoka. Wageni wanapiga picha, wanaenda zao. Picha haionyeshi kwamba kila mahali pa kusimamisha miti pana wenyewe. Familia hii iko na haki ya jiwe hili, nyingine ya mlango ule wa maji, na haki ile imetoka kwa wazee wao. Kwa mtu wa inje ni maji tu. Kwao ni shamba, na shamba lile lina mipaka.

Tunaanzia hapo juu ya swali moja linalorudi kila mara batu wanapozungumza umeme katika Tshopo, na pia kule Kolwezi, Likasi na Durba ambako wasomaji wetu wengi wanafanya kazi. Mbele ya mtambo kujengwa, nani anahesabu shamba, na anahesabu nini?

Lakini kwanza tuseme wazi: umeme tunauhitaji. Hatuandiki haya ili kusema baraji ni mubaya ao pano za jua ni za wageni. Kisangani ni mji wa zaidi ya watu milioni moja, na mpaka leo unategemea zaidi sentrali moja ya wakati wa Wabelgiji, ile ya mto Tshopo, upande wa kaskazini ya mji. Iko na mashine 3, jumla karibu megawati 19 kama zote zinazunguka. Mara nyingi hazizunguki zote. Mashine moja ikilala, komini nzima inaingia gizani, maji ya REGIDESO yanapungua, na SOTEXKI, kiwanda cha vitambaa ambacho zamani kililisha familia nyingi sana, kimejua vizuri maana ya kusubiri umeme.

Giza lenyewe linakula ardhi, na jambo hili halisemwi vya kutosha. Mama asiye na umeme anapika na makala. Makala inatoka kwa mti, mti unatoka kwa pori, na pori lile linazidi kuwa mbali kila mwaka. Angalia barabara ya Buta ao ya Ituri asubuhi: baiskeli za toleka na pikipiki zimebeba magunia marefu kuliko dereva. Kwa hiyo anayesema tuache miradi ya umeme ili kulinda ardhi, naye anapoteza ardhi, polepole tu, gunia kwa gunia.

Sasa tazama ramani. Kati ya Ubundu na Kisangani mto unaanguka mara saba, katika urefu wa karibu kilomita 100. Ndiyo maporomoko ya Boyoma, na Wagenia ni ya mwisho. Jumla ya kuanguka ni karibu meta 60, si mingi, lakini maji yenyewe ni mengi ajabu: kwa wastani karibu meta kubiki 17.000 kila sekunde. Njo maana Wabelgiji walijenga reli kutoka ngambo ya kushoto mpaka Ubundu, kilomita 125, juu mashua haziwezi kupita pale. Na njo maana mainjeniyeri hawajaacha kuangalia mahali hapa. Wanie Rukula, kwenye barabara ya Ubundu, karibu kilomita 60 toka Kisangani, imekaa miaka mingi katika orodha za miradi mikubwa ya umeme ya inchi yetu, na hesabu ya zaidi ya megawati 600. Hiyo ni zaidi ya mara 30 ya sentrali ya Tshopo. Umeme wa namna hiyo hautafutwi juu ya balbu za Kabondo na Mangobo peke yake. Unatafutwa pia juu ya viwanda na migodi.

Kwa hiyo mradi ule unagusa watu wawili kwa mara moja. Unamgusa mchimbaji, ambaye leo anasikia jenereta ikikunywa mazutu usiku kucha ili pampu itoe maji kwenye shimo. Na unamgusa mama yake, ao dada yake, ao bibi yake, aliyebaki kijijini na muhogo, mupunga na ndizi za lituma. Mara nyingi ni nyumba moja. Baba iko kwenye kariyeri ya zahabu ao ya almasi upande wa Bafwasende ao Banalia, mama iko shambani. Makuta ya kariyeri yanakuja leo na kupotea kesho. Chakula kinatoka shambani kila siku. Ukigusa shamba, umegusa mshahara wa pili wa nyumba, ule ambao haukosi.

Tusimame kidogo kwenye shamba lenyewe, juu hapa ndipo makosa mengi yanaanzia.

Katika Tshopo, familia inafyeka, inachoma, inapanda mupunga na mahindi, kati yake muhogo na ndizi. Baada ya mavuno mawili ao matatu udongo unachoka. Familia inasonga pembeni, inaacha mahali pale papumzike. Miti inarudi. Miaka inapita, udongo unapata nguvu, kisha familia inarudi palepale, kwa sababu babu alilima pale na kila mtu wa kijiji anajua. Na wakati wa kupumzika, pori lile halikai bure: linatoa kuni, uyoga, viwavi, mafuta ya ngazi, dawa, kamba za kufungia vikapu vya samaki. Vikapu vya Wagenia vyenyewe vinaanzia porini.

Basi fanya hesabu. Tuseme familia inalima mahali pamoja miaka 2, kisha inapaacha miaka 8. Ili iwe na hekta 1 yenye mimea kila mwaka, inaomba hekta 5. Moja ina muhogo, nne zinalala. Siku watu wa ankete wanakuja na mashine ya GPS na makaratasi, wanaona nini? Wanaona hekta moja ya shamba na hekta nne za pori. Wanaandika: shamba, hekta 1, pori, halina mtu. Wanalipa muhogo unaosimama, wanalipa migomba, labda na miti michache ya matunda. Hekta nne zinachukuliwa bila senti. Hata wakisema watakupa hekta 1 mahali pengine, wamekupa sehemu moja ya tano. Utailima mwaka huu, na mwaka kesho, na mwaka wa tatu, bila kupumzisha, mpaka muhogo uwe mdogo kama kidole. Hapo mtu hajafukuzwa, na hakuna askari aliyekuja. Lakini njaa imeingia, na hakuna karatasi itakayoonyesha imetoka wapi.

Sheria inasema nini? Ile ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Leta. Watu wengi wanaishia kwa mstari ule na kukata tamaa. Lakini sheria ileile, katika artikle 388, inasema ardhi za jamii za wenyeji ni zile wanazokaa, wanazolima ao wanazotumia kwa namna yoyote, mtu peke yake ao pamoja, kufuata desturi. Kwa namna yoyote! Maneno hayo yanatosha kuingiza pori linalopumzika, na sisi tunaona yanatosha hata kuingiza jiwe la Wagenia lenye miti ya kuvulia. Ubaya uko katika artikle inayofuata, 389, iliyoahidi ordonansi ya Rais ili kupanga haki zile. Miaka makumi ilipita, ordonansi haikuonekana. Pale penye shimo la sheria, mwenye makuta anapita kwa urahisi.

Kuna pia Katiba ya 2006. Artikle 34 inalinda mali ya mtu mmoja na mali ya pamoja, iliyopatikana kwa sheria ao kwa desturi, na inasema mtu hanyang'anywi mali yake isipokuwa kwa faida ya wote na kwa fidia ya haki inayolipwa mbele. Mbele, si nyuma. Si wakati turbini inaanza kuzunguka.

Wasomaji wa Katanga wanajua hadithi hii kuliko sisi. Maji yanayopita Wagenia ni yaleyale ya Lualaba yanayotoka kwao. Juu ya Lualaba, karibu na Kolwezi, Union Minière ilisimamisha Nzilo mwaka 1952 na Nseke mwaka 1956. Karibuni, mwaka 2021, ikaja Busanga, megawati 240, kwa ajili ya shaba na kobalti, na huko pia vijiji vilihamishwa. Mbele ya hizo zote kulikuwa Mwadingusha, kwenye Lufira, mwaka 1930. Baraji ile ilifunika bonde zima, likawa ziwa Tshangalele. Leo watu wengi wanaishi huko kwa uvuvi. Pale mashamba yalifunikwa na samaki wakaja; kwenye Boyoma inaweza kuwa kinyume, maji yafungwe na kikapu kikose nguvu ya kumsukuma samaki. Kikapu cha Wagenia hakifanyi kazi katika maji yaliyotulia. Hata baraji iliyo mbali juu ya mto, kama inashika maji mchana na kuyaachilia jioni wakati mji unawasha taa, inaweza kupandisha na kushusha mto kila siku, na mti uliosimamishwa kwa hesabu ya maji ya zamani unabaki hewani ao unazama.

Tena kuna waya. Ile ya Inga mpaka Kolwezi, iliyomalizika mwanzo wa miaka ya 1980, ina urefu wa zaidi ya kilomita 1.700. Inapita juu ya vijiji ambavyo usiku vinawasha kitaa cha mafuta. Si chuki ya mtu: umeme wa waya ule ni wa namna ambayo huwezi kuukata njiani na kupeleka kijijini bila stesheni ya bei kubwa sana. Lakini aliyepanga alichagua namna hiyo akijua. Chini ya waya, miti mirefu hairuhusiwi, maana yake mti wa ngazi unakatwa. Mwenye shamba anatoa ngazi zake, umeme unapita juu ya kichwa chake, unaenda kuyeyusha shaba. Mchimbaji anayesoma haya jioni chini ya taa ya kampani, asione haya. Hakuchagua njia ya waya. Lakini ajue.

Tusifikiri ni Kongo peke yake. Kule Kenya, walitaka kusimamisha mitambo ya upepo Kinangop, mahali pa viazi, kabichi na maziwa, megawati karibu 60. Wakulima wadogo walikataa, barabara zikafungwa, mtu akafa, na mwanzo wa 2016 mradi ukavunjika. Upepo ulikuwa mzuri na makuta yalikuwa yamepatikana. Kilichokosekana ni mazungumzo ya mapema na wenye mashamba. Kaskazini ya inchi ileile, karibu na ziwa Turkana, mitambo 365 ya upepo imesimama, megawati 310, na inafanya kazi. Lakini ardhi ilihesabiwa kama jangwa lisilo na mtu, wakati wafugaji wanapita pale na mifugo yao kila msimu. Mwaka 2021 mahakama ya Meru ikasema hati za ardhi ile zilitolewa bila kufuata sheria, na kesi ikaendelea. Malisho yanayosubiri ng'ombe na pori la Tshopo linalosubiri jembe ni ndugu. Mgeni anayaona matupu.

Na jua? Watu wengi wanaona pano za jua ni jibu rahisi, juu hazifungi mto. Kweli, lakini zinalala juu ya ardhi. Megawati moja inaomba hekta moja mpaka mbili. Ili upate megawati 19 kama za Tshopo, unahitaji hekta 20 mpaka 40, tena usiku hazitoi kitu bila betri. Hekta 40 si nyingi kwa jimbo kubwa kama letu. Ni nyingi sana kama ni zile 40 zilizo karibu na barabara, ambazo mama anafika kwa miguu na kurudi na sombe sokoni mbele ya jua kupanda. Na kampani inataka zilezile, juu ya barabara na waya.

Kule Kajiado, Kenya, walijaribu kunyanyua pano juu, karibu meta tatu, na kulima chini yake. Kabichi zilizokua kivulini zilikuwa kubwa kwa karibu theluthi moja kuliko zile za inje, kwa sababu jua kali halikukausha udongo. Tunalipenda jaribio lile, lakini tusilibebe hivihivi mpaka Kisangani. Hapa mvua inanyesha karibu mwaka mzima, mawingu ni mengi, na mupunga unataka jua kuliko kivuli. Kolwezi ao Likasi ni jambo lingine: toka Mei mpaka Septemba hakuna mvua, na mboga za mama zinakauka. Huko pano za juu zingeweza kusaidia. Na huko kuna ardhi nyingine ambayo Tshopo haina: vilima vya rembe na mabaki ya viwanda, mahali pasipoota kitu tena. Kampani ikitaka jua, ianzie pale palipokwisha kufa, na juu ya mapaa ya mahanga yake, mbele ya kugusa shamba la mtu.

Kuna njia moja zaidi isiyoomba hata meta moja ya shamba: kutengeneza kilichopo. Mwadingusha ilikuwa imechoka kabisa. Ikatengenezwa kwa makuta ya kampani ya migodi pamoja na SNEL, na mwaka 2021 ilikuwa imerudi kwenye megawati 78. Hakuna kijiji kilichohamishwa ili kupata megawati zile. Sisi tunaona Kisangani inaomba vilevile: mashine 3 za Tshopo zizunguke zote, ndipo tuzungumze baraji mpya. Kupigia picha jiwe la kwanza la mradi mkubwa ni kutamu kwa wakubwa, tunajua. Kubadilisha vyuma vya turbini ya zamani hakupigiwi fanfare.

Kwa makala pia kuna mfano mzuri, ingawa ni mbali, upande wa Kinshasa, kwenye uwanda wa Bateke. Mahali panaitwa Mampu palipandwa akasia hekta karibu 8.000, kisha pakagawiwa kwa familia, kila moja hekta 25. Familia inakata sehemu moja, inatengeneza makala, inapanda mahindi na muhogo palepale, na katikati ya muhogo akasia inaota tena. Akasia inarudisha nguvu ya udongo, na baada ya miaka kama kumi inakatwa tena. Ni desturi yetu ileile ya kupumzisha shamba, tofauti ni kwamba mapumziko yenyewe yanatoa nishati. Kumbe kuni na chakula vinaweza kukaa katika hekta moja, kama mwenye hekta ana uhakika hatanyang'anywa mbele ya mti kukomaa. Uhakika huo ndio kitu kigumu.

Tshopo ina karatasi inayoweza kusaidia, na wachache wanaitumia. Dekreti ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii ya wenyeji kuomba konsesio yao ya pori, mpaka hekta 50.000, bure na bila mwisho. Vijiji kadhaa vya jimbo vimekwisha kuipata. Haizuii Leta kujenga baraji. Lakini siku ya ankete, hakuna tena mtu wa kuandika "pori, halina mtu".

Kwa hiyo, wewe uliye kariyeri, ukipiga simu nyumbani na kusikia kwamba watu wenye GPS wamefika kijijini, usiulize kwanza watalipa ngapi. Uliza wanaandika nini. Wazee na mama watembee pamoja nao, si shefu peke yake. Waonyeshe shamba la leo, la mwaka juzi, na lile lililolala miaka sita. Waonyeshe ngazi iliyopandwa na babu, kaburi, mti wa mpaka. Kila kipande kiingie kwenye PV, na nakala ibaki kijijini. Mtu asitie sahihi ao kidole kwenye karatasi yenye nafasi tupu. Na kama wanatoa ardhi badala ya ardhi, wahesabu pamoja na ile inayopumzika.

Kwa wavuvi wa Wagenia hesabu inaomba uvumilivu zaidi, kwa sababu shamba lao linahama. Maji yakiwa makubwa, mawe fulani yanazama na miti inasimamishwa pembeni. Maji yakipungua, kazi inarudi katikati ya mto. Anayekuja kuhesabu mwezi mmoja tu ataandika nusu ya milango na kuacha nusu. Aje mara mbili, maji makubwa na maji madogo, na aende kwa mtumbwi na wenye vikapu.